Usiniulize Idadi ya Mapipa

Mapipa manane. Hilo ndilo jibu kwa watu wanne na mizigo yao, na sasa naomba swali hili tuliache. Kila masika yakiisha na Rufiji ikirudi ndani ya kingo zake, vijana wanaopanga kushuka na chelezo kutoka Mloka hadi deltani huniuliza jambo lilelile: tufunge mapipa mangapi ili kisizame? Pipa la lita 200 huinua takriban kilo 180 ukishatoa uzito wa pipa lenyewe. Watu, mbao, chakula na maji ya kunywa vikifika kilo 700, mapipa manane yatazama nusu na nusu itabaki juu. Mwanafunzi wa sekondari anaiweza hesabu hiyo.

Nyuma ya swali hilo kuna imani kwamba chombo kisichozama hakiui. Hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi, kwa sababu mtoni chelezo huua watu huku chenyewe kinaelea vizuri kabisa.

Chelezo hakina omo wala tezi, na kinakwenda kwa kasi ya maji yenyewe. Chukua mkondo wa mita moja na nusu kwa sekunde. Mbele yenu, upande wa nje wa kona, kuna mti ulioanguka na matawi yake yamo majini, kwa kuwa huko nje ndiko mto unakokula ukingo. Mnataka kusogea mita 50 kuelekea ndani. Watu wanne wakivuta makafi kwa nguvu zao zote, tuseme kilo zile 700 wanazisogeza kwa robo mita kwa sekunde. Hizo ni sekunde 200, na ndani yake mto umewabeba mita 300. Mti mliuona ukiwa mita 150. Imekwisha.

Chelezo kikigota kwenye mti ule hakizami. Maji yanajilundika upande wa juu wa mkondo, ukingo wa upande huo unazama, sakafu inainuka kama mteremko, na watu wanaporomoka kuingia chini ya mbao na kwenye matawi. Mkondo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu inayowabana huongezeka mara nne. Mapipa yenu yote yanaelea. Anayezama ni mtu. Ndiyo maana ushauri wa mitaani wa "ongeza mapipa" ni mbaya: kila pipa linaongeza upana, uzito na eneo la kusukumwa na upepo, na kusogea kunazidi kuwa kugumu.

Kisha nitatajiwa Kon-Tiki. Ni kweli, mwaka 1947 Thor Heyerdahl na wenzake watano walielea siku 101 katika Pasifiki juu ya magogo ya balsa. Lakini bahari kuu haina kingo, haina kona, haina visiki. Na safari ile iliishaje? Walipofika kisiwa cha Raroia walishindwa kukwepa, wakabamizwa kwenye mwamba wa matumbawe. Siku ya kwanza waliyokutana na kitu kigumu ndiyo siku safari yao ilipokatika. Rufiji ina kitu kigumu kila kona.

Kwa hiyo niulizeni mtasimamaje. Hapo nitawajibu kwa furaha, na haraka. Safirini kiangazi, lakini msiamini mbingu peke yake: tangu Bwawa la Julius Nyerere lijengwe, maji ya huku chini hutegemea pia yanavyoachiwa kule juu. Anzeni nje ya hifadhi ya wanyama, mkiwa na ruhusa ya serikali ya kijiji, na waulizeni TASAC, wasimamizi wa usalama wa vyombo vya majini, kuhusu ukaguzi wa chombo. Chukueni mtu wa huko anayeujua mto, na mtumbwi wake mwepesi wa kupeleka kamba ukingoni. Hiyo ndiyo breki yenu. Shikeni upande wa ndani wa kona, kwenye maji machache, ambako pondo inagusa mchanga. Huko pia mtawaachia viboko vina vyao vya mchana. Msiwakatie viboko njia ya kurudi kwenye kina, wala msilale kwenye vijia vyao. Msining'inize miguu majini, mamba wapo. Nanga kwenye mkondo mkali, hapana: kamba ikikaza inavuta ukingo wa chelezo chini. Kagueni vifuniko vya mapipa kila asubuhi, maana hewa iliyopashwa na jua husinyaa usiku na kufyonza maji. Jaketi la kujiokolea livaliwe muda wote, lisikaliwe kama takia. Kisu cha kukatia kamba kiwe kiunoni.

Na safari iishie Utete. Chini yake kuna nguzo za Daraja la Mkapa, kisha delta, ambako maji hujaa na kupwa, na wakati wa bamvua maji yakipwa yanaweza kukitoa chelezo mlangoni mwa mto hadi mkondo wa Mafia. Kama lazima muione mikoko, yauzeni mapipa Utete mkapande boti ya Mafia pale Nyamisati.