Mfahamu Sun Lutang, bingwa wa kung fu aliyerudi kuwa mwanafunzi akiwa na zaidi ya miaka 50

Ukitaja kung fu, akili za wengi wetu zinakimbilia kwenye vibanda vya video: Bruce Lee, Jackie Chan, Jet Li, mtu mmoja anawachapa watu ishirini na shati halijachomoka. Ukitaja tai chi, picha inabadilika. Unawaona wazee wa Kichina bustanini asubuhi, wanasogeza mikono polepole kama wamo ndani ya maji, na unajiuliza: hawa nao wanapigana na nani?

Kwa hiyo watu wengi wanaamini hivi ni vitu viwili visivyohusiana. Kimoja cha vijana, kingine cha wastaafu. Lakini yupo mwalimu mmoja ambaye ukifuata maisha yake utaona kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Anaitwa Sun Lutang (kwa Wachina jina la ukoo hutangulia, kwa hiyo Sun ndio ukoo). Aliishi kaskazini mwa China kuanzia 1860 hadi 1933, na leo mmoja kati ya mitindo mitano mikubwa ya tai chi unaofundishwa duniani unaitwa kwa jina la ukoo wake.

Alianzia chini kabisa

Sun alizaliwa kijijini, karibu na mji wa Baoding katika jimbo la Hebei. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo, na umaskini ukaingia nyumbani. Akafanya kazi kwa tajiri mmoja, akateswa. Wanaosimulia maisha yake wanasema hali ilimlemea kiasi kwamba akajaribu kujinyonga, wapita njia wakamwokoa. Baadaye akapata kazi Baoding, kwenye duka la kutengeneza brashi za kuandikia, zile ambazo Wachina huchovya kwenye wino.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kubadilika. Akajifunza kuandika vizuri, na akampata mwalimu wa ngumi aitwaye Li Kuiyuan.

Li alimfundisha xingyi. Huu ni mtindo wa kung fu usio na sarakasi hata kidogo. Hakuna kuruka, hakuna kuzunguka hewani. Una ngumi tano za msingi, zilizopewa majina ya chuma, maji, mti, moto na udongo, na karibu zote zinakwenda moja kwa moja mbele. Unaingia, unapiga, umemaliza.

Baada ya muda Li alifanya jambo ambalo walimu wengi hawalifanyi hata leo. Alimchukua kijana wake akampeleka kwa mwalimu wake mwenyewe, Guo Yunshen. Hebu fikiria. Zama zile mwanafunzi hodari alikuwa ndiye jina la mwalimu, na mara nyingi ndiye chakula chake. Kumwachia mtu mwingine kunahitaji moyo.

Guo alikuwa maarufu kwa ngumi moja tu, ile ya mti, aliyoipiga kwa hatua fupi: mguu wa mbele unasogea, wa nyuma unafuata nusu hatua. Inasimuliwa kwamba aliwahi kufungwa jela kwa kuua mtu, akawa anafanya mazoezi huku miguu ina minyororo, ndiyo maana hatua yake ikawa fupi. Iwe kweli au chumvi, hatua hiyo ikumbuke, tutaikuta tena.

Mtengeneza miwani wa Beijing

Xingyi ilipomkaa vizuri mwilini, Sun akaenda Beijing kwa Cheng Tinghua, mtu aliyekuwa anatengeneza na kuuza miwani. Cheng alikuwa bingwa wa bagua, na bagua ni kinyume cha xingyi. Badala ya kwenda moja kwa moja, unatembea kwa kuzunguka duara, viganja vimefunguliwa, unageuka, unapinda, unamtokea mpinzani ubavuni wakati yeye anakutafuta mbele. Ukimwona mtu anafanya mazoezi ya bagua unaweza kudhani amepoteza kitu chini anakitafuta.

Sun alikuwa mwembamba na mwepesi, wenzake wakimfananisha na tumbili, na mtindo huu ulimfaa. Sasa akawa na vitu viwili mkononi: mstari na duara.

Cheng hakufa kifo cha kitandani. Mwaka 1900 vilitokea vita vya Maboksa, wapiganaji wa Kichina waliowashambulia wageni wakiamini kwamba mazoezi na ibada zao zingewakinga na risasi. Anayeijua Majimaji ya 1905 kule kusini mwa Tanganyika anaelewa kilichofuata. Majeshi ya mataifa manane yaliingia Beijing, Wajerumani wakiwemo, na Cheng aliuawa kwa risasi za askari wa Kijerumani. Bingwa wa kiwango kile, na bunduki haikumuuliza cheo.

Naona hili ndilo jambo linalosahaulika kila tunapozungumzia kung fu. Sun alifika utu uzima wakati ambapo fani yake ilikuwa inapoteza kazi. Kwa miaka mingi mabingwa waliajiriwa kusindikiza misafara ya mizigo na fedha. Reli ikaja, benki zikaja, bunduki zikaja. Swali la nani anampiga nani lilianza kupungua uzito, likaja lingine: elimu hii ya kale inafaa kwa nini sasa?

Mgonjwa asiye na ndugu

Utawala wa kifalme uliangushwa, na mwaka 1912 China ikawa jamhuri. Sun alikuwa amepita miaka 50. Alikuwa mwalimu anayeheshimika, mwenye wanafunzi wake. Angeweza kabisa kukaa kwenye kiti akala heshima.

Miaka hiyo ya mwanzo ya jamhuri, mzee mmoja aitwaye Hao Weizhen alifika Beijing kutoka Yongnian kuwatembelea watu. Akaugua huko ugenini, hana ndugu wa kumuuguza. Sun alipata habari kupitia rafiki. Walikuwa hawajawahi hata kusalimiana, lakini alimtafutia mahali pa kulala, akamtafutia tabibu na dawa, akamhudumia kila siku mpaka akapona.

Hao alikuwa mwalimu wa tai chi. Alipopata nafuu alimwambia Sun kwamba hana cha kumlipa isipokuwa hicho anachokijua. Na Sun, bingwa wa mitindo miwili, akasimama tena mbele ya mwalimu kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisa hiki hatukipati kwenye uvumi, kwa sababu Sun mwenyewe alikiandika kwenye kitabu chake.

Kwa nini ajisumbue? Kwa sababu tai chi ilikuwa na jibu ambalo mitindo yake miwili haikulisema vile vile. Ujanja wake ni huu. Umewahi kusukuma mlango kwa nguvu, aliye ndani akaufungua ghafla? Unaingia kwa kichwa. Hakukupiga, hakukuvuta, nguvu yako mwenyewe ndiyo imekuangusha. Mwana tai chi anajifunza kuwa huo mlango. Ukimsukuma hashindani na wewe, anageuza kiuno kidogo, unakosa pa kushikilia, na hapo ulipopoteza mhimili ndipo anapokusukuma.

Sasa utaelewa kwa nini wanafanya polepole. Kasi inaficha makosa. Ukitembea taratibu, ukiegemea vibaya unajijua, bega likikaza unalisikia. Mwili unatakiwa uwe wima na tulivu huku miguu ikifanya kazi, kama mama aliyebeba ndoo ya maji kichwani: juu hakutikisiki, chini anatembea. Ukishakuwa na mwili wa namna hiyo, kasi inaongezwa baadaye.

Aliandika yaliyokuwa siri

Sun hakuziacha sanaa zake tatu kila moja na kabati lake. Alifundisha kwamba xingyi, bagua na tai chi zina msingi mmoja, na kwamba ugomvi wa mtindo upi ni bora ni wa watu ambao hawajafika mbali. Watu walikuwa wameanza kuzisogeza karibu kabla yake, lakini yeye alizifunga kwenye maandishi.

Mwaka 1915 alitoa kitabu cha xingyi, 1916 cha bagua, na 1921 kikatoka cha tai chi. Ndani yake kuna picha zake mwenyewe akionyesha mikao. Leo, zama za YouTube, hii haionekani habari. Zama zile elimu ya ngumi ilipita mdomoni, kutoka kwa baba kwenda kwa mwana au kwa mwanafunzi aliyepiga magoti na kukubaliwa. Mwalimu akifa bila kuamini mtu, elimu inazikwa naye. Kwa Sun, mtu asiyemjua angeweza kununua kitabu na kuanza.

Hadithi za mapigano yake ni nyingi, za kupigana na watu wa mataifa mbalimbali na kuwashinda uzeeni. Wanafunzi wa kila bingwa wana zao za namna hiyo. Mimi naona vitabu vina uzito kuliko zote.

Na katika vitabu hivyo afya ilichukua nafasi kubwa. China ya wakati ule ilikuwa inaitwa mgonjwa wa Asia, jina lililowauma wengi, na wasomi walitafuta namna ya kuimarisha miili ya raia. Ngumi za kale zikapewa jina jipya, guoshu, yaani sanaa ya taifa. Mwaka 1928 serikali ilifungua chuo cha sanaa hiyo mjini Nanjing, na Sun akaitwa kufundisha. Hakudumu. Chuo kiligawanywa kambi mbili, Shaolin na Wudang, na kambi hizo zikaanza kuvutana. Kwa mtu aliyehubiri msingi mmoja, nafikiri hapo hapakuwa mahali pake. Akahamia chuo cha jimbo la Jiangsu, akafundisha huko mpaka 1931, mwaka ambao Wajapani waliivamia Manchuria, kisha akarudi kaskazini. Alifariki Desemba 1933 kijijini kwao.

Kilichobaki

Binti yake, Sun Jianyun, ndiye aliyeubeba mtindo huu kwa muda mrefu zaidi. Katika fani iliyojaa wanaume, mwanamke huyu alifundisha Beijing, akaandika, na akaendelea hadi uzeeni. Alifariki 2003.

Tai chi ya Sun inatofautiana na nyingine kwa macho tu. Unasimama juu, magoti hayapindi sana. Kila ukigeuka, viganja viwili vinakutana kifuani, vinafunguka kidogo na kufunga, kama mtu anayepima upana wa mpira. Mikono inatoka kwa Hao, mageuko yanatoka kwenye duara la Cheng.

Kwa sababu magoti hayaumizwi, mwaka 1997 Paul Lam, daktari wa Sydney nchini Australia, alitengeneza mazoezi ya watu wenye baridi yabisi akiyajenga juu ya mtindo huu. Mazoezi hayo yamesambaa nchi nyingi, na wanaoyafanya wengi ni wazee ambao hawajawahi kumpiga mtu kofi. Desemba 2020, UNESCO nayo iliiweka tai chi kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika.

Siku ukikutana na video ya mazoezi hayo, acha kuangalia mikono, angalia miguu. Bibi wa miaka 70 anasogeza mguu wa mbele, na wa nyuma unaufuata nusu hatua. Ndiyo ile ya Guo Yunshen, yule wa minyororo.