Shaba au alumini? Kwa setilaiti, kompyuta haitoi jibu moja

KOLWEZI – Shaba inayochimbwa hapa, katika jimbo la Lualaba, inajulikana zaidi kwa nyaya za umeme. Lakini metali hiyo hutumika pia kuhamisha joto ndani ya setilaiti, na huko ina mshindani mkali: alumini.

Setilaiti inayozunguka karibu na Dunia, kama Taifa-1 ya Kenya iliyorushwa Aprili 15, 2023, humaliza mzunguko mmoja kwa takriban saa moja na nusu. Kwa kawaida hupita juani, kisha ikaingia kivulini. Hakuna hewa ya kupoza vifaa. Betri za lithiamu, ambazo nyingi zina kobalti, zikichajiwa chini ya nyuzi sifuri za Selsiasi zinaweza kuharibika kabisa. Na hakuna fundi wa kuzifuata huko juu.

Kwa hiyo wahandisi huiachia kompyuta ijaribu maelfu ya miundo kwa malengo kadhaa kwa pamoja: uzito mdogo, nafasi ndogo, joto lisilopanda na kushuka sana. Malengo hayo hupingana.

Chukua vipande viwili vya ukubwa uleule. Cha shaba hupitisha joto takriban mara 1.7 ya kile cha alumini, lakini uzito wake ni zaidi ya mara tatu. Penye nafasi finyu, shaba hushinda. Panapohesabiwa gramu, alumini hushinda. Chuma cha pua ni kizito kuliko alumini na hupitisha joto kwa kiwango cha chini zaidi, hivyo kwa kazi hii huondolewa mapema.

Miundo inayobaki huunda mstari wa Pareto, uliopewa jina la mwanauchumi wa Italia, Vilfredo Pareto. Katika mstari huo, ukiboresha lengo moja, lingine hupungua.

Kuusoma mstari

Kosa rahisi ni kukimbilia muundo mwepesi kuliko yote. Kwanza huondolewa miundo inayovuka mipaka ya joto la betri. Kisha hutafutwa kona ya mstari: mahali ambapo gramu chache zimeleta nafuu kubwa, na zikiongezwa nyingine faida ni ndogo. Mwisho, muundo hujaribiwa upya katika hali mbaya, kama vile rangi iliyochakaa kwa jua au bolti isiyokaza vizuri. Ukiyumba hapo huachwa, hata kama ulipendeza kwenye jedwali.

Kompyuta hupunguza orodha. Kuchagua hubaki kwa mhandisi, na ndiye atakayeulizwa setilaiti ikinyamaza.