AFYA YA AKILI YA MTOA TAARIFA NI JUKUMU LA CHAMA

Mkaguzi wa hesabu huja kwa wakati wake. Lakini mizani iliyochezewa, stakabadhi iliyoandikwa pungufu na pembejeo zilizogawiwa kwa upendeleo huonekana kwanza na karani wa ghala, au mkulima aliyesimama kwenye foleni. Mmoja wao akitoa taarifa, mali ya wanachama huokolewa. Je, yeye mwenyewe hubaki katika hali gani?

Utafiti uliofanywa Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2019 uliwapima watoa taarifa 27 na kuwalinganisha na wananchi wa kawaida na makundi mengine. Asilimia 85 hivi walisumbuliwa vikali na wasiwasi, huzuni, kutowaamini watu au kukosa usingizi. Asilimia 48 walifikia kiwango ambacho waganga hukihesabu kuwa ni ugonjwa. Matatizo hayo yaliwapata kwa wingi zaidi kuliko wananchi wa kawaida. Kundi hilo lilikuwa dogo, hivyo haifai kusema kwamba kila mtoa taarifa huugua; hata hivyo, hesabu hiyo yatosha kutuonya.

Chanzo cha mzigo huu si kigumu kukielewa. Mtoa taarifa huweza kupoteza kazi, kushtakiwa, kutengwa na wenzake, na kungoja kwa miaka bila jibu. Nchini Kenya, David Munyakei, karani wa Benki Kuu, alitoa nyaraka zilizosaidia kufichua kashfa ya Goldenberg. Mwaka 1993 alikamatwa, kisha akafukuzwa kazi. Mwaka 2004 alitunukiwa kwa ujasiri wake, lakini alifariki mwaka 2006 akiwa katika umaskini.

Tanzania ilitunga sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi mwaka 2015. Lakini sheria haiwezi kumlazimisha jirani kuitikia salamu. Sehemu hiyo ni yetu wanachama. Kwa hiyo vyama vyakumbushwa yafuatayo:

(a) Katibu apokee taarifa kwa siri, wala jina la mtoaji lisitajwe mkutanoni wala kuandikwa katika muhtasari.

(b) Mtoaji aelezwe mara kwa mara hatua iliyofikiwa. Ukimya huzidisha hofu.

(c) Asiondolewe kazini, wala mazao na malipo yake yasicheleweshwe kwa kisasi.

(d) Akionekana hali chakula, halali au ajitenga na watu, atembelewe, na ashauriwe kwenda hospitali mapema kama mgonjwa mwingine yeyote.

(e) Asiitwe msaliti wala mwenye kichaa. Taarifa yake ipimwe kwa vitabu na mizani, si kwa hali ya moyo wake.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Chama kinachomwacha peke yake aliyeyafichua maradhi yake, huwafundisha wengine wote kunyamaza. Na wizi utakaofuata hautakuwa na shahidi.