Chembe za Nano na Mtihani wa Istilahi za Kiswahili

Istilahi ya sayansi haipimwi kwa uzuri wa umbo lake tu. Kipimo chake kikubwa ni iwapo inamwezesha asiye mwanasayansi kuelewa jambo linalomhusu. Taaluma ya nano inatoa mfano mzuri wa hoja hiyo, kwani mazao yake yamekwisha kufika Gongo la Mboto, pembezoni mwa Dar es Salaam, kabla ya maelezo yake kufika.

Asili ya neno nano ni neno la Kiyunani lenye maana ya kibete. Katika vipimo, nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na chembe ya nano ni ile yenye ukubwa wa nanomita 1 hadi 100 hivi. Kiswahili kina njia zake za kudogosha: mtu huwa kijitu, mto huwa kijito. Hata hivyo, udogoshi huonyesha mtazamo wa msemaji, hautaji kiasi. Kwa hiyo ni sahihi kulikopa neno nano, kama ilivyokopwa mita yenyewe.

Kinachobaki ni kueleza kazi ya chembe hizo. Tuchukue kipimo cha haraka cha malaria kinachotumika katika zahanati. Dhahabu ya pete ni ya manjano, lakini ikiwa chembe za makumi machache ya nanomita zilizotawanywa majini, huonekana nyekundu. Katika kipimo hicho, chembe hizo hubandikwa kingamwili zinazonasa protini ya kimelea. Damu inapotambaa kwenye utepe, chembe zilizonasa protini hukwama mahali pamoja na kuchora mstari mwekundu. Mstari wa pili, wa uhakiki, huonyesha tu kwamba kipimo kimefanya kazi. Mgonjwa asiyeelezwa tofauti hiyo aweza kuona mstari wa uhakiki peke yake akadhani ana malaria, akanunua dawa asizozihitaji, na ugonjwa halisi ukaachwa bila tiba.

Mfano wa pili ni wa uchochezi wa kikemia. Katika bomba la moshi la magari mengi mna kifaa ambacho mafundi wa mitaani hukiita masega, kwa kuwa ndani kina vitundu kama vya sega la nyuki. Kuta za vitundu hivyo hupakwa chembe za nano za platinamu, paladiamu na rodiamu, ambazo huigeuza kabonimonoksaidi, gesi yenye sumu, kuwa kabonidayoksaidi. Jina masega ni zuri, ila linataja umbo na kuficha kazi. Ndiyo maana wapo wanaoyang'oa wakiyaona kuwa kizuizi cha moshi tu.

Istilahi kichocheo inaziba pengo hilo. Anayechochea moto huuharakisha bila yeye kuwa kuni. Vivyo hivyo kichocheo huharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha. Udogo nao una sababu. Mchemraba wa sentimita 1 una eneo la nje la sentimita za mraba 6. Ukikatwa kuwa michemraba ya nanomita 1, jumla ya maeneo yake hufikia mita za mraba 6,000, karibu na uwanja wa mpira. Mmenyuko hutokea juu ya uso wa chembe. Uso ukiongezeka, kazi huongezeka.

Watanzania si watumiaji tu wa elimu hii. Mwaka 2015 Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Nelson Mandela jijini Arusha, alipata tuzo ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza kwa chujio la maji linalounganisha mchanga na maada za nano.

Basi wajibu wa wanaisimu ni bayana: wakope kipimo, wasikilize majina ya mafundi, kisha watoe istilahi zinazotaja kazi. Istilahi isiyoeleweka zahanatini wala gereji haijakamilika, hata ikishaingizwa kamusini.