Nani Mwenye Mursik?

Mtu wa pwani akifika Kericho kwanza hustaajabu baridi, kisha hustaajabu kijani. Michai imekatwa sawasawa kama mkeka uliotandikwa kilima hadi kilima, na alasiri mvua hunyesha bila ya kuulizwa. Nilikwenda huko kwa habari ya chai ya zambarau. Nimerudi na habari ya maziwa.

Ama hiyo chai ya zambarau ni jambo la kujivunia. Huko Timbilil, karibu na mji wa Kericho, ipo taasisi ya utafiti wa chai, na ndiko ulikozalishwa mchai uitwao TRFK 306. Jani lake changa si la kijani. Lina rangi inayokaribia bilinganya, na rangi hiyo yatokana na kitu kiitwacho anthosianini. Kazi ya kuupata ilichukua miaka kama 25, na wakulima wakakabidhiwa mwaka 2011. Mti wa namna hii sheria inaujua. Kenya iliingia mwaka 1999 katika muungano wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, na aliyezalisha aina mpya aweza kuiandikisha kwa shirika la KEPHIS akapata haki yake kwa hati na muhuri.

Kutoka Kericho nikashika njia ya Litein na Kapkatet, nikapita Sotik, hata nikafika kijiji kimoja kando ya Bomet, kwa rafiki yangu tuliyefanya kazi pamoja zamani. Mama yake, ambaye wajukuu humwita Kogo, nami nikamwita hivyo hivyo, nilimkuta jikoni akitengeneza mursik.

Wengi wetu mursik tumeiona kwenye picha tu, wanariadha wakipokewa uwanja wa ndege na kibuyu mdomoni. Kuiona ikitengenezwa ni jambo jingine. Kibuyu chenyewe huitwa sotet. Kogo alikisafisha ndani kwa ufito uliopondwa ncha ukawa kama brashi. Kisha alichukua kijiti cha senetwet, ule mti wenye maua ya manjano ambao wataalamu huuita Senna didymobotrya, akakiunguza motoni, akalisugua kaa lake ndani ya kibuyu mpaka pande zote zikawa nyeusi. Ndipo akatia maziwa yaliyochemshwa yakapoa, akafunika. Huachwa siku kadhaa yakaiva. Yakimiminwa huwa mazito, yana rangi ya kijivujivu na harufu ya moshi, na hayaharibiki upesi kama maziwa ya kawaida.

Nilitoa daftari langu nikaanza kuandika: mti gani, kaa kiasi gani, siku ngapi. Mara mkono ukasita.

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na moja hivi, alikuja mgeni nyumbani kwetu kumwona bibi yangu, ambaye alijulikana mtaani kwa dawa za mizizi. Mgeni hakujua Kiswahili sawasawa, nami ndiye niliyekuwa mkalimani. Bibi alisema, mimi nikatafsiri, mgeni akaandika: mzizi huu kwa tumbo, jani hili kwa homa ya watoto. Ilikuwa siku tatu. Alipoondoka bibi alipewa mfuko wa sukari, nami nikapewa shilingi. Yale maandishi hatukuyaona tena, wala sikujua yaliishia wapi. Bibi hakulalamika hata siku moja. Mimi, kila nikikumbuka ile shilingi, naona haya.

Haya hiyo ina sababu. Sisi tuliosoma chuoni, kwenye ubao na baadaye kwenye darsa za msikitini, tulifundishwa jambo moja kabla ya mengi: hadithi husimama kwa isnadi. Fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani, hadi mwanzo wake. Ukikatika mnyororo, hadithi ni dhaifu, hata iwe tamu namna gani. Na watunzi wa tenzi za kwetu aghalabu walitia jina na tarehe mwishoni ili msomaji ajue kazi ni ya nani. Elimu huifanyii ubahili, lakini humfichi aliyekupa. Nami nilisaidia kuandika elimu ya bibi yangu bila ya jina lake.

Hata chai niliyoifuata Kericho isnadi yake imekatika. Michai mingi ya huko asili yake ni Assam, India. Vitabu vingi humtaja Mskoti Robert Bruce kuwa ndiye aliyeigundua huko mwaka 1823. Wachache huongeza ya kwamba alionyeshwa na Wasingpho, ambao walikuwa wakiinywa tangu zamani. Mtu aonyeshwaje kitu, kisha aitwe mgunduzi wake?

Nasi pwani tunao mfano. Mwarobaini uliotujia kutoka India twautumia kwa maradhi mengi, na jina lenyewe lasema ni arobaini. Mwaka 1994 ofisi ya hataza ya Ulaya iliwapa Idara ya Kilimo ya Marekani na kampuni ya W. R. Grace hataza juu ya njia ya kuua kuvu wa mimea kwa mafuta ya mwarobaini. Hataza ni hati impayo mvumbuzi haki ya pekee, kwa kawaida kwa miaka 20. Wahindi na wenzao walipinga, wakaleta ushahidi ya kwamba jambo hilo si jipya. Ilifutwa mwaka 2000, na rufani ikashindwa mwaka 2005. Miaka kumi na moja ya mawakili, kwa jambo lililokuwa likijulikana mashambani!

Wala tusiende mbali hivyo. Kaskazini ya Kericho, katika Bonde la Ufa, kuna Ziwa Bogoria lenye chemchemi za moto. Mwaka 1992 wanasayansi walichukua humo vijidudu vinavyostahimili magadi, na vimeng'enya vilivyotokana navyo vikatumika viwandani, katika sabuni za kufulia na katika kuifanya jinzi ionekane imechakaa. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilidai haki yake hadharani. Mwaka 2007 shirika hilo hilo lilifanya mkataba na kampuni nyingine, Novozymes ya Denmark, safari hii kwa makubaliano ya kugawana faida. Hapo twaona ya kwamba yawezekana, mtu akiulizwa kabla.

Je, Kogo ana kinga gani? Mursik nayo ina vijidudu vyake, na wataalamu wamekwisha kuvichunguza. Kesho mtu akikitoa kimoja kibuyuni, akakifuga kiwandani na kuombea hataza hamira ya mursik, atajibiwa nini? Haki za mvumbuzi hutaka kitu kiwe kipya na kiwe na mwenyewe anayejulikana. Mursik ni ya zamani, na wenyewe ni wengi. Kwa hiyo Kogo hawezi kuiombea hataza, bali mgeni akiigeuza kidogo aweza.

Katiba ya 2010 imeliona tatizo hilo. Ibara ya 11 yataka jamii zilipwe pindi utamaduni wao unapotumiwa, na ya 69 yataka maarifa yao juu ya viumbe yalindwe. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi imezipa kaunti kazi ya kuweka daftari za maarifa hayo, na yataka jamii iridhie kabla hayajatumiwa. Maneno ni mazuri. Lakini daftari halijiandiki. Viongozi wa Kericho na Bomet na waulizwe: mursik imeandikwa? Na senetwet je?

Ulimwenguni nako limetokea jambo ambalo mwalimu wangu wa chuoni angelifahamu mara moja. Tarehe 24 Mei 2024, mjini Geneva, nchi wanachama wa shirika la haki miliki la WIPO zilipitisha mkataba. Mwenye kuomba hataza iliyojengwa juu ya mmea au kiumbe ataje nchi ya asili; na ikijengwa juu ya maarifa ya jadi, aitaje jamii iliyompa. Mazungumzo yake yalichukua robo ya karne. Mkataba wahitaji nchi 15 ziuridhie ndipo upate nguvu. Haulazimishi malipo, wala hauifuti hataza kwa sababu tu mtu hakutaja, ila pakiwa na hila. Ni mdogo, lakini ni isnadi.

Basi nikamgeukia Kogo. "Hii ulifundishwa na nani?"

"Na mama mkwe wangu. Naye na mkwe wake. Huko nyuma sijui, walikuwako tu."

"Nikiandika gazetini, nitaje jina lako?"

Akacheka. "La nini? Ukiandika langu, jirani atasema nimemwibia. Andika ni ya Wakipsigis." Akafikiri kidogo. "Na Wanandi nao wanayo, usiwaache. Halafu andika kila nyumba ina mkono wake."

Nimeandika kama alivyosema. Na kwa kuwa ada ya mtunzi ni kufunga kwa beti, nafunga kwa hii yangu, niliyoitunga njiani kurudi:

Ukipewa kikombeni, mtaje na mpikaji,
Na dawa toka porini, mtaje na mchimbaji,
Na shairi la chuoni, mtaje na mtungaji,
Asotajwa jina lake, huyo ameshaibiwa.