Friji Yako Inaweza Kukulipa Doo ya Kaboni? Shika Rada Kabla Utoe Ganji

Tuseme uko na buchari mtaani, ama mathe ana duka ya soda na maziwa. Siku moja mse amevaa fiti anakuja na stori: badilisha friji, uanze kulipwa krediti za kaboni. Anataka tu elfu mbili ya kukusajili. Utatoa?

Tulia kwanza. Hii kitu iko, si hekaya. Lakini haifanyi kazi vile anakuambia.

Krediti ya kaboni si ile credo ya kupiga simu. Ni cheti kinachosema tani moja ya hewa chafu, ambayo ingeenda angani, haikuenda. Kampuni inayotaka kufidia uchafu wake ndio inanunua hicho cheti. Na friji huchafua kwa njia mbili: stima inayokula, na gesi iliyo kwa mabomba yake.

Tuanze na stima. Friji mzee ikikula yuniti 6 kwa siku na mpya ikule 3, kwa mwaka umeokoa yuniti 1,095. Kule Afrika Kusini, penye stima nyingi hutoka kwa makaa ya mawe, hiyo ni karibu tani moja, yaani krediti moja. Hapa Kenya stima nyingi ni ya mvuke wa Olkaria, maji na upepo, kwa hivyo utapata chini ya hapo. Hiyo haiwezi lipa hata mkaguzi.

Lakini cheki hii: yuniti ikiwa Sh25, umebaki na Sh27,375 mfukoni. Bila cheti, bila mse wa elfu mbili.

Sasa gesi. Hapo ndio kaboni imejificha. Angalia stika nyuma ya friji. Kilo moja ya R-134a ikivuja, inapasha dunia joto kama kilo 1,430 za kaboni. R-404A, ya friza kubwa kubwa, ni kilo 3,922. Karibu tani 4! R-290 haifiki hata kilo 5. Ndio maana 2016 nchi za dunia zilikubaliana pale Kigali, Rwanda, zipunguze hizi gesi kali polepole.

Shida ni kwamba friji ya duka hubeba gesi kidogo tu. Supa inaweza kuwa na makumi ya kilo. Kwa hivyo wenye kuvuna krediti ni masupa, viwanda vya maziwa na stoo baridi za samaki na maua, ama mradi unaounganisha maelfu ya friji ndogo pamoja.

Na si kubadilisha tu. Lazima matumizi yapimwe kabla na baada, gesi ya zamani iharibiwe badala ya kuachiliwa hewani, mkaguzi wa nje athibitishe, na mradi uonyeshe kwamba bila doo ya krediti haungewezekana. Kisha unaingia kwa rejista kama Verra ama Gold Standard. Sheria ya Kenya iliyorekebishwa 2023 pia inaleta rejista ya kitaifa ya miradi ya kaboni.

Basi huyo mse akirudi, muulize maswali matatu. Mradi umesajiliwa wapi? Krediti ni za nani, maana friji nyingi za soda ni mali ya kampuni ya soda, si yako? Gesi ya zamani inaenda wapi? Akianza kugugumiza, mwonyeshe mlango.

Saa hii, badilisha raba ya mlango ikiwa imechoka, panguza vumbi huko nyuma, wacha nafasi hewa ipite. Na fundi asikuwekee R-290 kwa friji iliyoundwa kutumia R-134a. Hiyo ni jamii moja na gesi ya kupikia, inashika moto.

Krediti zikikuja, poa. Lakini doo yako ya kwanza iko kwa token.