Kujua Wema na Kuwa Mwema

Katika kitabu cha Plato kiitwacho Protagoras, Socrates anatetea hoja inayowashangaza wasomaji hadi leo: hakuna atendaye uovu hali anajua kwa hakika kuwa ni uovu. Mwizi, kwa mtazamo huo, amekosea kupima. Faida iliyo karibu ameiona kubwa, hasara iliyo mbali ameiona ndogo. Afundishwe kupima, ataacha.

Nawaheshimu wanaoikubali hoja hii, maana inamfanya mkosaji awe mtu wa kufunzwa, si wa kukomolewa tu. Lakini tazameni yaliyotokea Athens mwaka 404 KK. Mji ulikuwa umeshindwa na Sparta, na watu thelathini wakashika utawala, wakiua raia na kutwaa mali zao. Aliyewaongoza, Critias, alikuwa mshairi, tena mtu aliyewahi kuandamana na Socrates na kuisikia mijadala yake. Elimu hakuikosa.

Utawala huohuo ulimwita Socrates na wenzake wanne, ukawaamuru waende kisiwani Salamis wakamlete mtu mmoja aitwaye Leon ili auawe. Wanne wakaenda, wakamleta. Socrates akashika njia ya nyumbani kwake, akijua kwamba kukaidi kungeweza kumgharimu maisha.

Aristotle, aliyesoma kwa Plato, alilieleza pengo hili kati ya kujua na kutenda vizuri kuliko wote. Aliyetekwa na tamaa au hasira, anasema, anayo maarifa kama mlevi anayeghani beti za Empedocles: maneno yanatoka sawasawa, maana haipo. Ili maarifa yamwingie mtu, yanahitaji muda na mazoezi. Ujasiri hupatikana kwa kutenda ya kijasiri, tena na tena, tangu utotoni.

Hapo namuunga mkono, ila si mpaka mwisho. Kutii amri nako ni mazoea, na Socrates alikuwa nayo: alipigana Potidaea, Amphipolis na Delium, akabaki pale makamanda walipomweka hata kifo kilipomkabili. Kama mazoea ndiyo pekee yaliyomwongoza, angepanda chombo kwenda Salamis pamoja na wale wanne. Alichokuwa nacho zaidi ni uwezo wa kutofautisha amri ya kulinda mji na amri ya kumuua mtu asiye na hatia, na uwezo huo aliupata kwa miaka mingi ya kuuliza haki ni nini.